CHARLIE CHAPLIN: MCHEKESHAJI ALIYEIJUA NJAA NA UHAMISHO

UTANGULIZI

Hili ni toleo la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni.

Katika matoleo yaliyotangulia tumeandika habari za safari zetu, za visima, za shule na za wale tuliowapoteza. Safari hii tumetenga kurasa kwa ajili ya mchekeshaji. Tunajua baadhi yenu mtauliza kamati imepatwa na nini. Kwa hiyo hatuna budi kuanza kwa kueleza sababu.

Wakati wa maandalizi ya siku hii, kikundi cha maigizo cha vijana kilileta ombi la kuonyesha mchezo wa kuchekesha. Mchezo wenyewe unahusu foleni ya mgao. Kuna bwana aliyepoteza kadi yake ya chakula, naye anajitahidi kumthibitishia karani kwamba yeye ndiye yeye. Anamwita jirani aje kumshuhudia. Jirani anasema hamjui kabisa mtu huyu, kwa sababu wana ugomvi wa kuku. Wajumbe wengi walicheka hata kabla maelezo hayajakwisha. Lakini mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema, "Wanangu, siku hiyo mimi huwakumbuka niliowazika njiani kwa mikono yangu hii. Mnataka nicheke?"

Ukumbi ukanyamaza. Baada ya muda mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Baba, nisamehe. Mimi nisingalicheka njiani, nisingalifika hapa."

Kikao kiliahirishwa bila uamuzi. Sisi tunaoshughulika na jarida tukaagizwa tutafute historia ya mtu aliyefanya kazi ya kuchekesha huku akiijua taabu, ili wajumbe wapate mahali pa kuanzia mazungumzo. Tumemchagua Charlie Chaplin.

JINA LISILO GENI

Jina hilo si geni katika lugha yetu. Mtu mcheshi, mwenye vituko, huitwa "chale" kwa Kiswahili, na wengi hulihusisha neno hilo na Charlie huyu wa sinema. Tunao wachekeshaji wetu wakubwa pia, kama hayati Benson Wanjau wa Kenya, ndiye Mzee Ojwang wa "Vitimbi", aliyefariki mwaka 2015, na hayati Amri Athumani wa Tanga, ndiye King Majuto, aliyefariki mwaka 2018. Hao nao wanastahili kuandikwa, na Mungu akipenda tutawaandika. Lakini maisha ya Chaplin yalipita mahali ambapo sisi tunapajua vizuri: nyumba ya msaada, foleni ya chakula, na mwisho kufungiwa mlango wa nchi aliyoifanyia kazi karibu miaka 40.

UTOTO WA TAABU

Charles Spencer Chaplin alizaliwa mwezi Aprili 1889, na akakulia kusini mwa London, Uingereza. Baba yake na mama yake wote walikuwa waimbaji katika kumbi za starehe. Baba alikuwa mlevi, akaiacha familia. Mama, jina lake Hannah, akabaki na watoto wawili: Sydney, mkubwa kwa Charlie kwa miaka minne, na Charlie mwenyewe. Kisha sauti ya mama ikaharibika, na mwimbaji asiye na sauti hana kazi. Akaanza kushona nguo za watu kwa ujira mdogo.

Mwaka 1896, Charlie akiwa na umri wa miaka saba, mama na wanawe wawili waliingia katika nyumba ya maskini ya Lambeth. Hizi zilikuwa nyumba za serikali za mitaa ambamo mafukara walipewa malazi na chakula, nao wakafanyishwa kazi. Aliyeingia alivuliwa nguo zake akavalishwa sare. Wazazi walitenganishwa na watoto wao. Charlie na Sydney walipelekwa katika shule ya watoto mafukara huko Hanwell, nje ya mji, na Charlie akakaa huko kama mwaka mmoja na nusu. Alipopata choa, alinyolewa kichwa na kupakwa dawa ya rangi, akatengwa na wenzake. Baadaye alieleza jinsi alivyoona aibu kuonekana dirishani akiwa katika hali ile.

Kuna kisa kimoja cha mwaka 1898 ambacho tungependa kila mzazi wa kambi hii akijue. Mama yao aliomba ruhusa ya kutoka katika nyumba ya maskini pamoja na wanawe. Hawakuwa na pa kwenda. Walikwenda kukaa katika bustani ya Kennington, wakanunua matunda kidogo kwa senti alizokuwa nazo Sydney, wakafinyanga karatasi za gazeti zikawa mpira, wakacheza. Jioni mama akawarudisha kulekule walikotoka, na taratibu zote za kuandikishwa zikaanza upya. Maofisa walikasirika. Lakini watoto walikuwa wamepata siku moja ya kuwa watoto wa mama yao. Wale wanaowaona watoto wetu wakicheza mpira wa makaratasi na kamba wataelewa bila kufafanuliwa.

Baada ya muda mfupi Hannah alipatwa na ugonjwa wa akili, akalazwa hospitali. Baba alifariki mwaka 1901 kwa sababu ya pombe. Mwaka 1903 ugonjwa wa mama ulirudi, na Charlie, kijana wa miaka 14, ndiye aliyempeleka hospitali. Sydney alikuwa baharini akifanya kazi melini. Charlie aliishi peke yake siku kadhaa, akijitafutia chakula, mpaka kaka yake aliporudi.

KONDOO ALIYEKIMBIA

Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964, Chaplin alieleza jambo aliloliona utotoni. Mtaani kwao kulikuwa na machinjio. Siku moja kondoo alitoroka, watu wakamkimbiza. Wengine walimrukia wakaanguka, wengine wakagongana, kondoo akapenya huku na huku. Charlie mdogo alicheka sana. Kondoo alipokamatwa na kurudishwa machinjioni, ndipo mtoto alipotambua mwisho wake utakuwa nini. Akakimbia nyumbani kwa mama akilia kwamba watamwua.

Chaplin alisema huenda kisa hicho ndicho kilichoweka msingi wa sinema zake zote, yaani kicheko na msiba vikitembea njia moja. Sisi tunaona kwamba mzee wetu na yule mama, katika kikao chetu, kila mmoja alikuwa ameshika upande mmoja wa kisa hiki.

KUJIFUNZA KAZI

Watu hudhani kuchekesha ni kipaji tu. La hasha. Charlie alianza kucheza ngoma ya viatu vya mbao pamoja na kikundi cha watoto alipokuwa na umri wa miaka kama tisa. Baadaye aliuza maua, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji na katika karakana ya vioo. Mwaka 1903 alipata nafasi ya mtoto mtumishi katika mchezo wa jukwaani wa "Sherlock Holmes". Kusoma kulikuwa kunampa shida, kwa hiyo Sydney ndiye aliyekaa naye akimsomea maneno mpaka akayashika.

Mwaka 1908 aliingia kampuni ya Fred Karno, bingwa wa michezo ya kuchekesha bila maneno. Humo alijifunza nidhamu: kuanguka bila kuumia, kusubiri sekunde moja zaidi kabla ya kugeuka, kufanya jambo la kijinga kwa uso mzito. Kampuni hiyo ndiyo iliyompeleka Marekani, mara ya kwanza mwaka 1910 na mara ya pili mwaka 1912. Katika safari hiyo ya pili kampuni ya sinema ya Keystone ilimwona, ikampa mkataba wa dola 150 kwa wiki. Mwanzoni mwa mwaka 1914 sinema zake za kwanza zikaanza kuonyeshwa.

Hapo ndipo alipobuni vazi linalojulikana duniani kote. Suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa, kofia ndogo, sharubu fupi na fimbo nyembamba. Kila kitu kinapingana na chenzake. Ukimtazama unaona mzururaji asiye na kitu, lakini kofia na fimbo vinasema yeye ni muungwana. Nguo zake zimechoka ila adabu yake haijachoka. Akimpita mama mtaani anavua kofia. Tunadhani hii ndiyo sababu watu maskini wa nchi zote walimpenda tangu siku ya kwanza. Hakuwa akiwacheka wao. Alikuwa akionyesha kwamba mtu aweza kunyang'anywa vyote akabaki na heshima yake.

Mapato yake yalipanda kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1916 kampuni ya Mutual ilikubali kumlipa dola 670,000 kwa mwaka mmoja. Mwaka 1919, pamoja na Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, alianzisha kampuni ya United Artists, ili wasanii wawe na mamlaka juu ya kazi zao. Yule mtoto wa nyumba ya maskini alikuwa na miaka 29.

KAZI ILIYO NYUMA YA KICHEKO

Chaplin hakuwa mwigizaji peke yake. Alibuni hadithi, akaongoza wenzake, akahariri, na baadaye akatunga hata muziki. Katika miaka ya mwanzo hakuandika hadithi nzima kabla ya kuanza. Alianza na mahali au kitu kimoja, akajaribu jambo mbele ya kamera, akalitupa, akajaribu jingine. Katika sinema ya "City Lights" ya mwaka 1931 kuna sehemu fupi ambapo mzururaji anakutana na msichana kipofu anayeuza maua, naye msichana anamdhania ni tajiri. Sehemu hiyo ilirudiwa mara 342. Vijana wetu wanaofanya mazoezi mara mbili kisha wakasema wako tayari waikumbuke namba hiyo.

Sinema za wakati ule hazikuwa na sauti. Mwaka 1927 sauti ilipoingia, karibu kila mtu aliiacha kazi ya kimyakimya. Chaplin aliendelea nayo miaka kadhaa, kwa kuwa mzururaji wake asiyesema alikuwa mtu wa kila taifa, na siku atakapofungua kinywa atakuwa Mwingereza. Hata katika "Modern Times" ya mwaka 1936, mzururaji anapolazimika kuimba, anaimba maneno yasiyo ya lugha yoyote, na watu wote wanaelewa. Katika kambi kama hii, ambamo foleni moja ya maji huwa na lugha tano, tumeliona jambo hilo kwa macho yetu, kama tutakavyoeleza.

SINEMA YA WAHAMIAJI

Ili tusiandike kwa kusikia tu, tuliomba sinema yake ya mwaka 1917 iitwayo "The Immigrant", yaani Mhamiaji, ionyeshwe katika ukumbi wa vijana. Ni fupi, haifiki nusu saa. Shuka nyeupe ilitundikwa ukutani. Walikuja watu wengi kuliko tulivyotazamia, na yule mzee wetu pia alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango.

Mwanzoni meli imejaa wahamiaji wanaokwenda Marekani. Charlie ameinama kwenye ukingo wa meli, mabega yanamtikisika, kila mtu anadhani anatapika. Kumbe anavua samaki, anageuka na samaki mkononi. Watoto walipiga kelele. Meli inayumba, sahani moja ya chakula inateleza kutoka kwa mlaji mmoja kwenda kwa mwingine, kila mmoja akichota inapomfikia. Kina mama walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mama mmoja mzee anaibiwa akiba yake. Charlie anazirudisha fedha kwa siri katika mfuko wa binti wa mama huyo, naye ofisa anamkamata akidhani ndiye mwizi.

Halafu meli inafika. Sanamu ya Uhuru ya New York inaonekana, abiria wote wanaitazama kwa matumaini. Mara hiyohiyo maofisa wanavuta kamba na kuwafungia abiria nyuma yake kama ng'ombe wa mnadani.

Ndugu msomaji, ukumbi ulinyamaza. Jambo hilo limefanywa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hakuna neno hata moja lililosemwa, lakini hakuna aliyehitaji mkalimani. Kutoka nyuma, karibu na mlango, tulisikia mzee akisema, "Hao ni sisi." Mara Charlie akampiga ofisa teke la siri kwa nyuma, kisha akajifanya hajui lolote. Watu waliangua kicheko, na tuliokuwa karibu na mzee tunashuhudia kwamba naye alicheka.

Jambo jingine ni kwamba Chaplin hakuanza sinema hiyo na meli. Alianza na sehemu ya mkahawa, ambamo mzururaji hana fedha za kulipia chakula, na mhudumu mwenye miraba minne anampiga kila anayepungukiwa. Akaitengeneza kwa muda mrefu. Kisha akajiuliza hawa watu wawili wanaokutana mkahawani walitoka wapi, na jibu likawa meli ya wahamiaji. Alianza na njaa, akarudi nyuma kutafuta safari.

KULA KIATU

Sinema ambayo mwenyewe alitaka akumbukwe kwayo ni "The Gold Rush" ya mwaka 1925. Wachimba dhahabu wawili wamefungiwa na theluji ndani ya kibanda bila chakula. Charlie anachemsha kiatu chake. Anakipakua kwa adabu, anakata soli kama nyama, ananyonya misumari kama mifupa ya kuku, anazungusha kamba kama tambi. Kiatu hicho kilitengenezwa kwa pipi nyeusi, lakini wazo lenyewe halikutoka katika pipi. Chaplin alikuwa amesoma habari za wasafiri walionaswa na theluji katika milima ya California majira ya baridi ya 1846 na 1847. Wengi walikufa, na waliobaki walikula ngozi, hatimaye wengine wakala maiti za wenzao.

Je, ni halali kuchekesha kwa habari kama hiyo? Tumelijadili sana. Tumeona kwamba Chaplin hakuwacheka waliokufa. Alimchukua mtu mmoja mwenye njaa akamwonyesha akikataa kuwa mnyama: anatandika meza, anampa mwenziwe fungu lake. Kinachochekesha ni adabu ya mtu huyo, nayo ndiyo inayomwokoa. Aliyewahi kulala njaa hacheki sehemu ile kama anavyocheka aliyeshiba.

MCHEKESHAJI NA DIKTETA

Adolf Hitler alizaliwa siku nne tu baada ya Chaplin, tarehe 20 Aprili 1889, naye pia alikuwa na sharubu fupi. Mwezi Septemba 1939, vita vya pili vya dunia vilipokuwa vinaanza, Chaplin alianza kupiga sinema ya "The Great Dictator", iliyotoka mwaka 1940. Aliigiza watu wawili wanaofanana: kinyozi wa Kiyahudi asiye na makuu, na dikteta Adenoid Hynkel wa nchi ya kubuni. Katika sehemu maarufu zaidi, dikteta anacheza dansi na tufe la ramani ya dunia, analirusha juu kama mtoto na puto, mpaka linapasuka usoni pake. Mwishoni kinyozi anadhaniwa kuwa dikteta, anasukumwa mbele ya vipaza sauti, naye badala ya kuhubiri chuki anahutubia kwa ajili ya utu na amani.

Ilihitaji ushujaa. Wakati anaanza, Marekani haikuwa vitani, na wapo waliomshauri aachane na jambo hilo. Lakini kuna neno aliloliandika baadaye ambalo limetugusa kuliko ushujaa wenyewe. Baada ya vita dunia iligundua kilichotendeka katika kambi za Wanazi, na kwamba Wayahudi milioni sita waliuawa. Katika kitabu chake Chaplin alikiri kwamba kama angalijua ukweli wa kambi zile, asingaliweza kutengeneza sinema ile.

Bingwa wa kuchekesha duniani mwenyewe alikiri kwamba kuna mahali ambapo kicheko hakifiki. Kwa hiyo mzee wetu hakukosea.

MLANGO KUFUNGWA

Chaplin hakuomba uraia wa Marekani katika miaka yote aliyoishi huko. Baada ya vita, nchi hiyo iliingiwa na hofu kubwa ya ukomunisti. Chaplin alikuwa amezungumza hadharani kuunga mkono Urusi wakati wa vita, ilipokuwa mshirika wa Marekani, na alikuwa na marafiki wa mrengo wa kushoto. Yeye alikana kuwa mkomunisti. Hata hivyo polisi wa upelelezi walikusanya majalada juu yake, na magazeti yakamwandama.

Septemba 1952 alipanda meli na mkewe Oona na watoto wao kwenda London kuonyesha sinema yake ya "Limelight". Meli ikiwa baharini, habari ikatangazwa kwamba Mwanasheria Mkuu wa Marekani ameifuta ruhusa yake ya kurudi. Akitaka kuingia tena, itambidi ahojiwe kuhusu siasa zake na mwenendo wake. Hakurudi. Mwanzoni mwa mwaka 1953 familia ilifanya makao Corsier-sur-Vevey, nchini Uswisi.

Hatutaki kudanganya. Uhamisho wake haukuwa kama wetu. Alikuwa tajiri, alikuwa na nyumba kubwa yenye bustani, na mkewe aliweza kurudi Marekani kuokoa mali yao. Hakupanga foleni ya mgao. Lakini kuamka asubuhi na kuambiwa kwamba mlango ulioutokea jana umefungwa nyuma yako, hilo halina tajiri wala maskini. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Chaplin alicheza ugenini, akatunzwa, kisha akatolewa.

Miaka 20 ikapita. Mwezi Aprili 1972 watu wa sinema wa Marekani walimwita awapokee tuzo ya heshima ya Oscar. Alikuwa na umri wa miaka 82, hatembei vizuri. Ukumbi mzima ulisimama ukampigia makofi kwa dakika nyingi, naye akashindwa kusema zaidi ya maneno machache ya shukrani. Mwaka 1975 Malkia wa Uingereza alimpa cheo cha heshima. Alifariki usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 88. Nyumba yake ya Uswisi ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016.

MAKOSA YAKE

Gazeti la kamati halina haja ya kumfanya mtu malaika. Chaplin aliwaoa wasichana wawili wenye umri wa miaka 16, mmoja mwaka 1918 na mwingine mwaka 1924, naye akiwa mtu mzima kabisa. Ndoa zote mbili zilivunjika kwa uchungu. Sisi tunaopiga vita ndoa za mabinti wadogo humu kambini hatuwezi kulipita jambo hilo kimya kwa sababu tu mtu alikuwa hodari wa kazi. Alikuwa pia mkali kwa wafanyakazi wake. Tunaisifu kazi yake, na makosa yake tunayaita makosa.

TUMEJIFUNZA NINI

Baada ya kusoma haya na kutazama sinema ile, kamati ilikutana tena. Mambo yafuatayo yalikubaliwa.

Kwanza, kicheko si dharau kwa wafu. Walioonja taabu wamecheka tangu zamani, na mara nyingi ndio wanaojua kuchekesha zaidi.

Pili, yafaa kuangalia nani anachekwa. Mzururaji wa Chaplin humcheka ofisa, tajiri mlevi, dikteta, na zaidi ya wote hujicheka mwenyewe. Hamcheki kipofu anayeuza maua. Kwa hiyo michezo yetu haitamcheka mlemavu, mjane wala kabila la mtu. Hujafa hujaumbika.

Tatu, kila jambo na saa yake. Asubuhi ya tarehe 20 Juni itakuwa ya sala na ya kusoma majina ya marehemu wetu. Hakutakuwa na ngoma wala mchezo. Alasiri vijana wataonyesha mchezo wao wa foleni ya mgao.

Nne, ndugu zetu makarani na watumishi wa mashirika wanaombwa wahudhurie, na wakijiona jukwaani wasikasirike. Yule bwana aliyepoteza kadi naye ametengenezwa vilivyo, na jirani yake wa kuku ndiye mbaya kuliko wote.

HITIMISHO

Mzee wetu alikubali kuongoza usomaji wa majina asubuhi. Alipoulizwa kama atabaki alasiri, alisema ataona hali ya miguu yake. Kisha akawageukia vijana akawauliza huyo bwana wa kadi mwishoni anapata unga au hapati. Vijana walikiri kwamba mwisho wa mchezo bado hawajaupata.

Mzee akasema, "Basi mpeni. Hata kama ni nusu debe."

Vijana wameandika hivyo. Tunawakaribisha nyote.